Mzizi Uliokuwa Chumba cha Kufulia

Hospitalini walimwita Sikio, na jina hilo alilipata zamani, kabla hajagusa kompyuta hata moja. Alikuwa msichana wa simu katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi, vifaa vya kusikilizia vimemkaa kichwani kutwa nzima, akiunganisha wodi na maabara, maabara na jiko, jiko na ofisi. Ilifika mahali mtu akisema "halo" tu, yeye ameshajua ni nani, yuko wapi na ameamkaje. Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyependa kujifanya daktari ili apewe laini haraka. Sikio alimjibu, "Pole na mafua, dada," kisha akamuunganisha vilevile.

Siku zikaja ambapo simu za kuunganishwa kwa mkono zilikufa. Wenzake walikubali kuhamishiwa mapokezi. Yeye akagoma. Alimwendea katibu wa hospitali, akamwambia kwamba kompyuta zote zile zilizokuwa zikiletwa zingehitaji mtu wa kuziunganisha, na kuunganisha ndiyo kazi aliyoijua. Katibu alicheka, lakini alimpeleka masomoni. Alisoma jioni akiwa na mimba ya kwanza, akasoma akiwa na mtoto mapajani, akasoma mumewe, dereva wa gari la wagonjwa, akiwa zamu na sufuria ikiungua jikoni. Alipofuzu alianza kwa kupanda ngazi na kuvuta nyaya darini. Miaka ikapita, na fundi mkuu alipostaafu, mtandao wote wa hospitali ukawa mikononi mwake. Hakutetemeka. Alinunua viatu vipya visivyopiga kelele koridoni, akaanza kazi.

Alichokirithi kilikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina: kwikwi ya mchana. Kila siku, watu wakianza kwenda kula, kompyuta za hospitali nzima ziliganda. Majibu ya maabara hayaendi, dawa hazisomeki, picha za eksirei zinakwama katikati. Karibu dakika nzima hospitali ilishika tama. Halafu mambo yalirudi yenyewe, kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wakishatoka kula, kwikwi ilikuja tena mara moja, kisha basi hadi kesho yake.

Aliyechoka zaidi alikuwa daktari wa picha, mtu mrefu asiyejua kunong'ona. Asubuhi moja ya wiki ya kwanza alimfuata Sikio hadi chumba cha mitambo.

"Fundi, jana daktari wa upasuaji alikuwa amevaa glavu, anangoja picha ya mfupa. Picha imefika nusu. Nusu! Nimwambie akate nusu ya mguu?"

"Usimwambie hivyo, daktari," Sikio alisema. "Nipe wiki hii."

"Aliyekutangulia naye aliniomba wiki."

"Mimi siombi. Nakuarifu."

Daktari alimtazama, akaguna, akaondoka. Sikio alivuta kiti.

Alijua mahali pa kuanzia. Mtandao wa hospitali ulijengwa kwa swichi, visanduku bapa vyenye safu za matundu ya kuchomekea kebo, kimoja kila jengo. Kompyuta za wodi huchomekwa kwenye swichi ya wodi hiyo, na swichi zenyewe zimeunganishwa kwa duara: chumba cha mitambo hadi idara ya picha, picha hadi duka la dawa, kutoka hapo maabara, jiko, na kuendelea hadi duara linajifunga. Duara ni la usalama. Kebo moja ikikatika, bado kuna njia ya kuzungukia upande wa pili.

Lakini duara lina hatari yake. Kuna ujumbe ambao kompyuta huutuma kwa wote, mfano wa mtu anayeingia ukumbini na kuuliza kwa sauti, "Mashine ya kuchapisha iko wapi?" Swichi ikipokea swali la namna hiyo huliachia kwenye kila tundu isipokuwa lile lililoleta. Katika duara, swali hilo litazunguka, litarudi, litaachiwa tena, na hakuna kitu ndani yake kinachohesabu mizunguko na kusema imetosha. Baada ya muda mfupi swichi zote zinahangaika na swali lilelile moja, na kazi nyingine zote zimesimama. Mafundi huiita dhoruba.

Ndiyo maana swichi huzungumza zenyewe kwa zenyewe, kwa utaratibu unaoitwa itifaki ya mti. Kwanza huchagua mmoja wao kuwa mzizi. Halafu kila swichi hutafuta njia yake fupi ya kufika kwenye mzizi, na mahali ambapo njia iliyobaki ingefunga duara, tundu moja hufungwa. Halikatwi. Linasikiliza tu, halipitishi kitu. Kebo ikikatika kwingine, tundu lililofungwa hufunguliwa, na mtandao unapata njia mpya. Kinachobaki wazi wakati wowote ni mti: matawi yanayoachana, yasiyokutana tena.

Kasoro ilikuwa kwamba itifaki ya hospitali ilikuwa ile ya zamani, yenye woga mwingi. Kila mabadiliko yakitokea, swichi zilisimama, zikasikiliza kwanza, zikajifunza, ndipo zikafungua njia. Hiyo dakika ya kusubiri ndiyo kwikwi. Basi swali la Sikio halikuwa kwa nini mtandao unaganda. Swali lilikuwa ni kitu gani kinachobadilika kila mchana, mara mbili.

Aliiuliza swichi ya chumba cha mitambo: mzizi wako ni nani? Ikamtajia namba ya kifaa asichokifahamu, ikamwonyesha tundu la kumfikia. Akaifuata kebo ya tundu hilo hadi swichi ya upande wa pili, akaiuliza nayo. Jibu lilelile, na tundu jingine la kusonga mbele. Akatembea hivyo na kompyuta yake mkononi, koridoni, akipishana na vitanda vya magurudumu, akafungua vikabati vya ukutani, akapanda kiti cha wauguzi katika wodi ya wazazi ili akifikie kisanduku kilichokuwa juu ya mlango.

"Umepoteza nini huko juu?" mkunga mmoja alimuuliza.

"Mkubwa wa mtandao."

"Mkubwa wa mtandao si wewe?"

"Ndivyo nilivyodhani."

Kutoka wodi ya wazazi kebo ilishuka, ikatoboa ukuta, ikaingia jengo la nyuma. Sikio alizunguka kwa nje. Alipofika mlangoni alikutana na mvuke wa moto na harufu ya sabuni, akajikuta anacheka peke yake. Kilikuwa chumba cha kufulia. Na msimamizi wa chumba cha kufulia, aliyesimama hapo mikono kiunoni akiwakagua wapiga pasi, alikuwa mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto amekula?"

"Amekula. Mama, humu ndani kuna kisanduku chochote chenye taa ndogondogo?"

"Kile kinachokonyeza? Kipo." Mama alimwongoza hadi rafu ya nyuma, akasogeza ndoo za wanga. Swichi ilikuwa pale, imejaa vumbi la nyuzi za shuka, na juu yake kikombe cha chai. "Kina joto zuri. Chai haipoi."

Sikio alikiondoa kikombe kwa adabu, akasoma namba iliyobandikwa ubavuni. Ndiyo yenyewe. Ilikuwa swichi ya zamani kuliko zote, iliyofungwa na wakandarasi wa kwanza. Hakuna aliyewahi kuziambia swichi za hospitali nani apewe kipaumbele, na zikiwa sawa kwa kipaumbele huangalia namba za kiwandani: mwenye ndogo ndiye mzizi. Vifaa vya zamani aghalabu ndivyo vyenye namba ndogo. Kwa miaka yote hiyo, picha za mifupa na majibu ya damu yalikuwa yanapita nyuma ya ndoo za wanga.

"Mama, mchana mnapoenda kula, kuna kitu mnazima?"

"Nazima meni," mama alisema, na sauti yake ikabadilika. "Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Naushusha umeme wa jengo zima, nafunga mlango, ndipo naenda kula. Tukirudi nauwasha."

Sikio aliijua sababu, kwa kuwa ilisimuliwa kwenye familia hata wageni wakiwepo. Kabla hajaolewa, pasi kubwa iliachwa inawaka wakati wa chakula. Shuka ziliungua, rafu ikaungua, na mpiga pasi aliyerudi kuzima alitoka na mikono iliyobabuka. Tangu hapo mama hakumwamini mtu wala swichi ya ukutani. Ilikuwa meni au hakuna kula.

Siku ileile Sikio alimweleza katibu wa hospitali. Katibu alifurahi kupita kiasi.

"Basi tumemaliza! Natoa amri leo. Dobi marufuku kuzima umeme."

"Hapana, bwana katibu."

"Hapana nini? Umepata chanzo, nakisimamisha."

"Chanzo si yeye. Mtu anazima umeme wa jengo lake ili lisiungue. Kama hilo linaangusha hospitali nzima, basi mtandao ndio wenye makosa. Kesho umeme wa dobi utakatika wenyewe, utamwandikia nani amri?"

Katibu alikunja uso, akachezea kalamu. "Sikio, usinifiche. Unamtetea kwa sababu ni mama wa mumeo."

"Nyumbani mimi na yeye hatujakubaliana hata kuhusu kiasi cha chumvi," Sikio alisema. "Hapa namtetea kwa sababu ana haki. Niachie mtandao wangu niutengeneze."

Katibu alinyanyua mikono. Akamwachia.

Sikio na mafundi wenzake wawili walifanya kazi wiki nzima. Walipitisha kebo mpya darini kutoka wodi ya wazazi moja kwa moja hadi jikoni, ili duara lisipite tena chumba cha kufulia. Ile swichi ya zamani ilistaafishwa, na dobi wakapewa nyingine, iliyoning'inia pembeni kwa kebo yake moja: ikizimwa, inajizimia yenyewe. Swichi kubwa ya chumba cha mitambo, iliyokuwa na betri yake, Sikio aliiwekea kipaumbele cha kwanza ili iwe mzizi. Ya maabara akaiwekea cha pili, ili kukitokea la kutokea irithi.

Kisha akazihamisha zote kwenye itifaki ya mti ya haraka. Wenzake waliijua kwa jina tu, kwa hiyo aliwaeleza wakiwa wamekaa juu ya mabunda ya kebo, wanakunywa soda.

"Ile ya zamani inangoja saa iseme. Hii haingoji saa, inauliza jirani," alisema. "Kila swichi inawasalimu majirani zake kila baada ya sekunde mbili. Salamu zikikosekana mara tatu mfululizo, jirani hayupo, hakuna kujiuliza. Na kebo ikichomoka kabisa, salamu hazingojwi hata moja."

"Na njia mpya inafunguliwaje bila kutengeneza duara?" fundi mmoja aliuliza.

"Kwa makubaliano. Swichi iliyo karibu na mzizi inamwambia jirani, nataka kuifungua njia hii. Jirani anafunga kwanza matundu yake yanayoelekea swichi nyingine, halafu anajibu, sawa, fungua. Inafunguka hapohapo. Kisha yeye naye anamgeukia wa mbele yake, wanakubaliana vilevile. Kwa kuwa kila mmoja amefunga kabla ya kukubali, duara halipati nafasi ya kujifunga."

"Na kompyuta za wodini? Zenyewe hazijui kukubaliana."

"Matundu yao nimeyatangaza kuwa ya ukingoni. Nyuma yake hakuna swichi, kwa hiyo yanafunguka mara moja. Na kama kuna mjanja atachomeka swichi yake humo, tundu litajifunga na mimi nitaarifiwa."

Siku ya jaribio aliichagua mwenyewe, na akachagua mchana kweupe, kazi zikiwa zimepamba moto, kwa ridhaa ya daktari wa picha. Alimwalika daktari huyo na katibu. Alikuwa na uhakika. Daktari aliketi mbele ya kioo cha kompyuta yake, akaanza kupeleka picha ya kifua kwenda upasuaji. Sikio alifungua kikabati cha idara ya picha, akaishika kebo inayoelekea chumba cha mitambo, akaichomoa.

Picha ikaganda.

Walingoja. Katibu alikohoa. Daktari aligeuza kiti taratibu, akamtazama Sikio, akarudi kutazama picha. Ilipoanza kusogea tena, nusu dakika ilikuwa imekwisha.

"Ndiyo haraka yenyewe hiyo?" daktari aliuliza.

Masikio ya Sikio yaliwaka moto. Lakini hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya maneno. "Siyo," alisema. "Hiyo ni polepole, na sijui bado kwa nini. Nitajua." Akairudisha kebo mahali pake, akaondoka bila kukimbia.

Hakuingia chumba cha mitambo. Alikaa kwenye ngazi za nje na kufikiri. Swichi zote ni za itifaki mpya, hilo alilihakikisha. Mzizi upo mahali pake. Kebo ilipochomolewa, swichi ya picha ilibaki na jirani mmoja tu, swichi ya duka la dawa. Basi ni hao wawili walioshindwa kukubaliana. Jirani wa duka la dawa alitaka kufungua njia, lakini hakufungua kwa makubaliano. Alifungua kwa saa, kama wa zamani. Kwa nini swichi isiombe makubaliano? Akainuka hapo alipokaa. Kwa sababu inadhani kebo hiyo si ya watu wawili.

Makubaliano ya haraka yanawezekana tu kwenye kebo ambayo pande mbili zinaweza kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Kebo ya zamu, ambayo mmoja husema mwingine akingoja, swichi huidhania kuwa ya watu wengi, na hapo hurudi kwenye woga wa zamani. Akakimbilia duka la dawa, safari hii kweli alikimbia. Ilikuwa hivyo hivyo. Upande wa idara ya picha, mtu fulani wa zamani alikuwa ameilazimisha swichi mwendo wake kwa mkono, isijadiliane na yeyote. Upande wa duka la dawa, swichi iliita ijadiliane, ikanyamaziwa, ikakisia kwamba kebo ni ya zamu. Na kwa kuwa mwendo huo ulikuwa wa polepole, na swichi huhesabu njia ya polepole kuwa ndefu, siku za kawaida kebo hiyo ndiyo iliyofungwa, haikupitisha kitu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kusikia uchungu wake.

Aliondoa ile lazima. Pande mbili zikajadiliana, zikaelewana papo hapo. Kisha akapita swichi moja moja, kebo moja moja, kuhakikisha kwamba hakuna nyingine ya namna hiyo. Ilikuwepo moja, jikoni. Akainyoosha nayo.

Kesho yake alirudi kwa daktari wa picha.

"Peleka picha, daktari."

"Utaichomoa lini?"

"Wewe peleka."

Daktari alipeleka. Picha ikasogea, ikafika, akapeleka nyingine, nayo ikafika. Akageuka. "Haya, nipo tayari. Ichomoe."

Sikio aliinua mkono. Kebo ilikuwa kiganjani mwake, ncha yake ikining'inia.

Daktari aliitazama kebo, akaitazama picha. Halafu akacheka kicheko chake kikubwa hadi muuguzi akachungulia mlangoni. "Irudishe," alisema. "Uichomoe tena, nataka nione mwenyewe." Sikio akachomoa, akarudisha, akachomoa tena, na picha hazikusimama. Mwishowe ilibidi amnyang'anye, maana daktari alikuwa ameanza kuichomoa mwenyewe kama mchezo.

Mchana huo mama mkwe alishusha meni, akafunga mlango wa dobi, akaenda kula. Kompyuta za hospitali hazikujua. Jioni, nyumbani, Sikio alimsimulia mumewe yote, na mumewe akampigia mama yake simu papo hapo.

"Mama, umesikia? Mke mwenzako amekutetea kwa katibu."

"Mke mwenza wa nani, mpumbavu wewe! Ni mkamwana wangu," sauti ilitoka simuni. "Nipe nizungumze naye." Sikio alipochukua simu, mama alisema, "Ahsante, mwanangu. Wangeniambia niache kuzima, ningeacha kazi."

"Najua, mama."

"Na chumvi bado unazidisha."

Mtihani wenyewe haukuletwa na mtu yeyote wa kualikwa. Miezi ilikuwa imepita. Hospitali ilikuwa inachimba mtaro wa bomba jipya la maji kati ya maabara na jiko, na Sikio aliwaonyesha wachimbaji mahali kebo ilipopita chini ya ardhi, akaweka hata vigingi vyenye utepe mwekundu. Asubuhi moja, akiwa anakunywa chai mezani kwake, mstari mmoja ulijitokeza kwenye kioo: kebo ya maabara na jiko imekatika. Chini yake mstari mwingine, kwamba njia imebadilika na mtandao unaendelea.

Alingoja simu iite. Haikuita. Akapiga yeye maabara.

"Habari za huko? Majibu yanakwenda?"

"Yanakwenda," alijibu mtu wa maabara. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna."

Akapiga wodi ya wazazi, akapiga duka la dawa. Kote walimjibu kwa haraka ya watu wenye kazi. Katika idara ya picha, daktari alimwambia asimpotezee muda, ana foleni. Sikio aliweka simu chini na kukaa kidogo, mikono juu ya meza, tabasamu limemjaa uso mzima. Halafu alivaa viatu vyake, akachukua mkoba wa zana, akatoka nje kwenye jua.

Msimamizi wa wachimbaji alikuwa amesimama ukingoni mwa mtaro. Vigingi vyenye utepe mwekundu vilikuwa vimelazwa pembeni, vimepangwa vizuri, visisumbue kazi.

"Mmekata kebo yangu," Sikio alisema.

"Sisi? Mama, sisi hatujakata kitu," msimamizi alisema, na nyuma yake mchimbaji mmoja alikuwa ameshika kipande cha kebo nyeusi, anakigeuzageuza. "Kama tungekuwa tumekata kitu, si hospitali nzima ingekuwa inapiga kelele?"

"Ingekuwa," Sikio alikubali. Alipanga zana zake ukingoni, akamwomba mchimbaji kile kipande, kisha akashuka mtaroni kutafuta ncha mbili za kuunga.